Bibi hana tena kijidudu cha vikope, mbona kope zinaendelea kusugua jicho?

Msomaji mmoja, mwalimu wa shule ya msingi katika eneo la Mlali, Wilaya ya Kongwa, ameniandikia kuhusu bibi yake mzaa mama. Bibi huyo aliugua vikope mara nyingi utotoni, na alipokuwa mama alivipata tena kutoka kwa watoto aliowabeba mgongoni. Kila dawa za kampeni zilipofika kijijini alizimeza. Wakati mmoja wapimaji walimpangusa kope kwa pamba, na baadaye akaambiwa kwamba kijidudu hakikuonekana. Hata hivyo nywele za kope za jicho la kulia zimegeukia ndani na zinamchoma mchana na usiku. Mwalimu anauliza mambo matatu: kwa nini mtu akiugua surua mara moja haugui tena, ilhali vikope humrudia mtoto yule yule kila mwaka, kwa nini jicho linaendelea kuharibika baada ya kijidudu kuondoka, na kama ni kweli kwamba kinga ya bibi ni dhaifu, je, unga wa mlonge au dawa za kuongeza kinga zinazouzwa mnadani zitamsaidia.

Nianze na neno hilo «dhaifu», kwa sababu ndilo linalopotosha. Kinga ya bibi yako haikuwa dhaifu. Ilipigana kila mara na mara nyingi ilishinda, ila ilishinda kwa kuchelewa, na kila ushindi ulifanyika ndani ya ngozi laini ya kope ambayo haina nafasi ya kubeba majeraha mengi. Kinachomsugua jicho leo ni makovu ya vita hivyo.

Kijidudu chenyewe kinaitwa Klamidia trakomatisi, jina lililotokana na trakoma, jina jingine la vikope. Ni bakteria, lakini si wa aina ile inayoelea katika majimaji ya mwili na kujizalia popote. Hawezi kuzaana nje ya seli ya kiumbe mwingine, kwa sababu hutegemea chakula cha seli hiyo na, kwa sehemu kubwa, hata nishati yake. Ana maumbo mawili. La kwanza ni umbo la safari, lililo gumu na lenye upana wa takribani maikromita 0.3 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambalo hutoka jicho moja hadi jingine kupitia vidole, kanga, taulo na inzi. Likigusa seli za utando wa ndani wa kope huingia, na humo ndani hugeuka kuwa umbo la pili, la kuzaana, ambalo ni kubwa na laini zaidi. Baada ya saa 48 hadi 72 seli hiyo huwa imejaa, mamia ya maumbo mapya ya safari hutoka, na kila moja hutafuta seli jirani.

Kwa kawaida seli inayomeza kitu kigeni hukipeleka kwenye vifuko vyake vya asidi na vimeng'enya, ambako kitu hicho huyeyushwa. Klamidia huzuia hatua hiyo: hujitengenezea chumba chake chenye ukuta wa utando, na kukihamisha mbali na njia ya vifuko hivyo. Vyumba hivyo vilionekana kwa hadubini mwaka 1907, pale Halberstaedter na von Prowazek walipochunguza seli zilizokwanguliwa kwenye utando wa macho katika kisiwa cha Java, ingawa kijidudu chenyewe hakikuoteshwa maabara hadi miaka ya 1950, kazi iliyotangazwa mwaka 1957 na Tang Feifan na wenzake mjini Beijing. Tang alifikia hatua ya kujitia kijidudu hicho jichoni mwake mwenyewe ili kuthibitisha kwamba ndicho chanzo cha ugonjwa. Sipendekezi mbinu hiyo kwa wanafunzi wangu.

Wewe unayeishi penye mtama na uwele utanielewa haraka nikikwambia kuhusu fukusi. Fukusi akiwa anatembea juu ya gunia unaweza kumpepeta au kumwanika juani akakimbia. Akishaingia ndani ya punje, pepeo lako halimfikii, na njia iliyobaki ni kuitoa punje pamoja na fukusi wake. Kinga ya mwili nayo ina mikono miwili inayofanana na hiyo. Mkono wa kwanza ni kingamwili, yaani protini zinazoelea katika damu na machozi na kumshika kijidudu kabla hajaingia popote. Hizi humfaa mtu dhidi ya klamidia kwa muda mfupi tu, wakati umbo la safari likiwa limetua juu ya utando na halijaingia ndani ya seli. Likishaingia, kingamwili hubaki nje ya ukuta.

Mkono wa pili ni seli T, aina ya chembe nyeupe za damu ambazo hutambua seli za mwili zilizoingiliwa. Seli T haimwoni kijidudu moja kwa moja. Huona vipande vya protini zake ambavyo seli iliyoambukizwa huvitundika juu ya uso wake, kama mtu aliyefungiwa ndani anavyopitisha kitambaa dirishani ili wapita njia wajue. Baadhi ya seli T huziua seli hizo. Nyingine, na hizi ndizo zenye uzito zaidi katika klamidia, humwaga kiashirio kiitwacho interferoni gama, ambacho huiamuru seli iliyoambukizwa ijibadilishe ili mgeni ashindwe kukaa.

Moja ya mabadiliko hayo linastahili kuelezwa kwa utulivu. Interferoni gama huifanya seli itengeneze kimeng'enya kinachoharibu triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo kila kiumbe huzihitaji ili kujenga protini. Sisi binadamu hatuwezi kuitengeneza, bali huipata katika chakula. Aina za klamidia zinazoshambulia jicho, ambazo wataalamu huziita A, B, Ba na C, nazo haziwezi kuitengeneza kwa sababu jeni zinazohusika zimeharibika. Seli, kwa maneno mengine, huchoma akiba yake yenyewe ili mvamizi afe njaa. Klamidia za njia ya uzazi bado zina jeni hizo, na zinaweza kujitengenezea triptofani kwa kutumia malighafi inayoachwa na bakteria wengine waishio ukeni, jambo linaloweza kueleza kwa nini ndugu hao wawili wa ukoo mmoja wanaishi mahali tofauti.

Ila njaa hiyo si lazima iue. Katika seli zinazooteshwa maabara, interferoni gama ikiwa kidogo, klamidia huacha kuzaana, huvimba na kupata umbo lisilo la kawaida, kisha hungoja. Kiashirio kikipungua na triptofani ikirudi, huamka na kuendelea na kazi. Kama jambo hilo hutokea mara kwa mara ndani ya jicho la binadamu, hapo wataalamu bado wanabishana, na mimi niko upande wa wale wanaoamini kwamba katika vijiji vyenye vikope vingi, maambukizi mapya kutoka kwa mtoto wa jirani ni maelezo yanayotosha zaidi kuliko kijidudu kilicholala.

Kuna ugonjwa mwingine wa bakteria wanaoishi ndani ya seli ambao unaufahamu vizuri, nao ni kifua kikuu. Bakteria wake hujificha ndani ya makrofaji, chembe ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu, na huko pia interferoni gama ya seli T ndiyo inayoipa makrofaji nguvu ya kuwadhibiti. Takribani robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa kifua kikuu, lakini kati ya hao ni asilimia 5 hadi 10 tu wanaougua katika maisha yao, kwa kuwa kwa wengi kinga huwazingira bakteria ndani ya kinundu na kuwaweka humo kwa miaka. Virusi vya UKIMWI vikipunguza seli T, uzio huo hulegea. Na bado kinga ile ile inayolinda ndiyo inayochimba mashimo mapafuni mwa mgonjwa. Wauguzi wenu watakuwa wamewaona pia wagonjwa wachache ambao hali yao huonekana kuzidi wiki chache baada ya kuanza dawa za kufubaza virusi, kwa sababu kinga inayorejea huwakuta bakteria wengi na kuzua uvimbe mkubwa kwa ghafla.

Nirudi kwenye jicho. Mhudumu wa afya anapopindua kope la juu la mtoto na kutafuta vinundu vyeupe, haoni bakteria hata mmoja. Vile vinundu ni mikusanyiko ya chembe za kinga zilizokusanyika chini ya utando. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani husema kwamba vikiwa 5 au zaidi, kila kimoja kikiwa na upana usiopungua nusu milimita, katika sehemu ya kati ya utando wa kope la juu, mtoto huhesabiwa kuwa na trakoma hai. Lengo la kutokomeza nalo hupimwa kwa alama hiyo hiyo: iwe kwa chini ya asilimia 5 ya watoto wa miaka 1 hadi 9 katika wilaya. Kwa hiyo tunachohesabu ni mwitikio wa kinga. Matokeo yake ni mkanganyo ambao umewasumbua watu wengi, kwani mtoto aliyeambukizwa juzi anaweza kuwa na kijidudu bila vinundu, na mwingine akawa na vinundu wiki nyingi, pengine miezi, baada ya kijidudu kufa. Kinga ya jicho huchelewa kuja, na ikishakuja huchelewa kuondoka.

Sasa surua. Utaniambia, na utakuwa na haki, kwamba virusi vya surua navyo huishi ndani ya seli, hivyo hoja ya maficho peke yake haitoshi. Tofauti ni kwamba virusi vya surua huzunguka mwili mzima kwa njia ya damu, huamsha kinga kila pembe, na havijabadilika kiasi cha kuikwepa kumbukumbu inayobaki. Klamidia ya jicho hukaa juu juu, katika tabaka la seli za nje za utando, haingii kwenye damu kwa kiwango cha maana, na kumbukumbu inayoachwa katika utando wa namna hiyo hufifia mapema. Isitoshe, kingamwili zilizozalishwa dhidi ya aina A hazifanyi kazi vizuri dhidi ya aina B, kwa kuwa protini kuu ya ganda la nje hutofautiana.

Hata hivyo si kweli kwamba mwili haujifunzi kabisa. Watoto wadogo ndio wanaobeba vijidudu vingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Kadiri umri unavyosonga, kila ambukizo huwa fupi na idadi ya vijidudu hupungua, hata katika familia zilezile zinazoendelea kulala chumba kimoja. Huo ndio ushahidi kwamba kinga hujengeka polepole. Bibi yako alipokuwa mama mtu mzima, pengine alikuwa akimwondoa mgeni baada ya wiki chache. Lakini alikuwa akiambukizwa tena, kwa sababu alikuwa akilea, na hapo ndipo palipo na chanzo cha jambo linaloonekana kila mahali penye ugonjwa huu: wanawake hupata upofu wa trakoma zaidi kuliko wanaume, mara nyingi kwa kiwango cha mara 2 au zaidi.

Makovu hutokea hivi. Seli za utando zilizoingiliwa hazikai kimya. Zenyewe hutoa viashirio vya hatari, na viashirio hivyo huita chembe nyeupe za mwanzo, zile zinazofika haraka na kupigana bila kuchagua sana. Chembe hizi huachia vimeng'enya vinavyokatakata nyuzi zinazoshikilia tishu, ili zipate njia ya kupita. Baada ya vita, mwili hujenga nyuzi mpya mahali pa zile zilizokatwa, na nyuzi za kovu hukakamaa na kujikunyata kuliko za awali. Ambukizo moja haliachi alama yoyote unayoweza kuiona. Makadirio ya kihesabu yaliyochapishwa huashiria kwamba mtu anahitaji zaidi ya maambukizi 100 katika maisha yake kabla ya makovu makubwa kujitokeza. Lakini yakishajipanga kama mistari myeupe ndani ya kope la juu, huvuta ukingo wa kope kuelekea ndani kidogo kidogo, mpaka nywele za kope zinagusa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Kila mtu akipepesa macho, zinasugua. Konea iliyokwaruzwa huingiwa na vijidudu vingine na kupata ukungu, na ukungu huo ndio upofu.

Swali lako la pili limejibiwa kwa nusu hapo, na nusu iliyobaki ndiyo inayowasumbua hata watafiti. Watu wazima wenye makovu waliofuatiliwa kwa miaka kaskazini mwa Tanzania na nchini Ethiopia walionekana kuendelea kupata makovu ilhali klamidia ilipatikana kwao kwa nadra sana. Kilichoonekana pamoja na kuendelea huko ni uvimbe wa utando na, kwa baadhi, bakteria wa kawaida wasio klamidia. Inaelekea kwamba utando uliokwisha kuharibika hupoteza ulinzi wake wa kawaida, huwashwa na vitu ambavyo jicho zima lingevivumilia, na kila muwasho huongeza uzi mwingine wa kovu. Bibi yako anaweza kuwa hana klamidia kabisa, na bado kope likaendelea kujikunja.

Historia ya chanjo nayo inaonyesha jinsi kinga yenyewe inavyoweza kuumiza jicho. Katika miaka ya 1960 chanjo zilizotengenezwa kwa kijidudu kizima zilijaribiwa kwa watu nchini Saudi Arabia, Taiwan, Gambia, Ethiopia na India. Baadhi zilileta ulinzi, ila wa muda mfupi. Kwa nyani waliochanjwa kisha wakaambukizwa aina tofauti ya kijidudu, macho yaliwaka zaidi kuliko ya wale ambao hawakuchanjwa, na hofu hiyo ikaizima kazi kwa miongo mingi, ingawa ushahidi wa madhara kama hayo kwa binadamu haukuwa na nguvu kiasi hicho. Leo watafiti hutumia vipande teule vya protini badala ya kijidudu kizima. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la awamu ya kwanza lililofanyika London kwa wanawake 35, chanjo ikilenga klamidia ya njia ya uzazi, na ilionekana kuwa salama na kuamsha kinga. Kuamsha kinga, kama unavyoona katika habari hii yote, ni nusu tu ya kazi.

Ndiyo maana mpango wa kudhibiti vikope haungoji kinga. Hupunguza idadi ya maambukizi. Kongwa ni mahali panapojulikana katika maandiko ya trakoma duniani kote, kwa sababu utafiti umefanyika huko tangu miaka ya 1980. Kabla ya hapo wilaya yenu ilijulikana kwa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kushindwa, pamoja na mengine, kwa kukosa mvua, na upungufu huo huo wa maji ndio uliofanya uso wa mtoto uoshwe baada ya mahitaji mengine yote. Jaribio lililochapishwa mwaka 1995, lililofanyika katika vijiji 6 vya Kongwa, lilionyesha kwamba penye dawa ya macho pamoja na kampeni ya kunawisha watoto nyuso, trakoma kali ilipungua kwa watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi. Kikombe kimoja cha maji hutosha nyuso kadhaa. Choo nacho kina nafasi yake, kwa kuwa inzi anayependa macho hutaga mayai katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Azithromaisini, antibiotiki ambayo kampuni ya dawa ya Pfizer ilianza kuitoa kama msaada mwaka 1998, hukaa ndani ya tishu kwa siku nyingi, hivyo dozi moja ya mdomo hufanya kazi ambayo mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1 huifanya kwa kupakwa mara 2 kwa siku kwa wiki 6. Na dawa hiyo huingia ndani ya seli, mahali ambapo kingamwili haifiki.

Kuhusu mlonge, ni mboga nzuri na bibi aendelee kuula kama anaupenda, lakini usinunue chochote kwa ahadi ya kuongeza kinga. Jicho lake halijaharibika kwa upungufu wa kinga, na kinga hailegezi kovu. Lipo kosa la upande wa pili ambalo linanitia wasiwasi zaidi: dawa za matone zenye steroidi, yaani kemikali za kuzima uvimbe, ambazo hutuliza wekundu na maumivu ndani ya siku mbili, hivyo watu huzirudia dukani bila cheti. Zikitumiwa hovyo hupandisha presha ya jicho, huleta mtoto wa jicho, na konea iliyokwaruzwa hushambuliwa na fangasi kwa urahisi zaidi. Hata zikipunguza uvimbe, hazirudishi ukingo wa kope mahali pake.

Kinachorudisha ukingo huo ni upasuaji mdogo, unaofanywa kwa ganzi ya sindano kwenye kope tu, mgonjwa akiwa macho, na akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mpeleke bibi hospitali ya wilaya au kwenye kambi ya macho inayofuata, na usingoje hadi aone ukungu, kwa kuwa upasuaji huzuia kukwaruzwa kupya ila hauondoi ukungu uliokwisha kuingia. Kama amekuwa akizing'oa kope kwa kibano, mwambie mhudumu waziwazi, maana kope zilizong'olewa huota upya zikiwa fupi na ngumu, na siku ya uchunguzi jicho laweza kuonekana kuwa na nafuu isiyokuwapo. Uliza pia kama atapewa azithromaisini baada ya upasuaji. Katika jaribio lililofanywa Ethiopia, dozi moja ilipunguza kurudi kwa kope ndani kwa takribani theluthi moja katika mwaka wa kwanza. Baada ya hapo arudi kuangaliwa hata kama haumwi, hasa katika miezi 6 ya mwanzo, na wewe mwenyewe uwe unamtazama kope hilo kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu kovu lililobaki ndani halijaacha kuvuta.